Safi kama Bwawa la Mtukufu

Ilikuwapo, na nasikitika kusema ingalipo, nchi moja isiyo na bahari wala ziwa, ambayo mito yake miwili hukauka kila mwaka bila kuaga. Nchi hiyo ilikuwa na Wizara ya Bahari, yenye waziri, naibu waziri na manowari moja iliyoegeshwa mbele ya jengo la wizara na kupandwa maua. Ilikuwa pia na mabwawa ya kuogelea mengi kuliko visima. Jambo hilo lisikushangaze, msomaji. Kila aliyepanda cheo akafika ukamishna msaidizi alipewa na serikali gari, mlinzi na bwawa, na katika hao wote hakuna aliyejua kuogelea. Bwawa halikuwa la kuogelea, lilikuwa la kuwa nalo.

Bwana Pazi Mwinshehe alipata lake siku alipoteuliwa kuwa Kamishna Msaidizi wa Maji ya Bomba. Kazi yake ilikuwa kushika funguo za ghala la dawa ya maji, ile klorini inayotiwa kwenye tangi kuu la mji ili wananchi wanywe wasife. Alikuwa mtu mpole mwenye sauti nzuri kuliko akili, nasema hivyo kwa heshima zote, maana kwao sauti ndiyo iliyopandisha watu.

Mtu wa kwanza kumleta aone bwawa alikuwa mama yake. Bi Sikudhani alikuwa mjane, mpika vitumbua wa mtaa wa Mabondeni, na Pazi ndiye mtoto wake pekee. Alisimama ukingoni, kanga kaishika isipeperuke, akayatazama maji yale ya buluu kama anayetazama harusi ya watu asiowajua.

"Maji yote haya ya nani?"

"Yetu, mama."

"Mnayanywa?"

"Hapana, yana dawa."

"Mnaogea?"

"Hapana. Zamda anasema yanaharibu ngozi."

"Basi ni ya nini, baba?"

Pazi alifikiri. "Ni ya kuangalia."

Bi Sikudhani alicheka mpaka akakaa chini. "Haya, mkishayaangalia nigawieni ndoo mbili nikaogee. Kule kwetu bomba linakohoa tu."

"Suala hilo linafanyiwa kazi, mama," alisema Pazi.

Inabidi nieleze. Katika nchi ile hakuna jambo lililokataliwa na hakuna lililotendeka. Yote yalikuwa yanafanyiwa kazi. Barabara zilifanyiwa kazi, mishahara ilifanyiwa kazi, na mtu akipotelea kituo cha polisi, ndugu zake waliambiwa kwamba naye anafanyiwa kazi. Bi Sikudhani aliyajua maneno hayo kupitia redio, lakini hakuwahi kuyasikia kutoka kinywani mwa mwanawe.

"Ee," alisema, akijifuta machozi ya kicheko. "Mwanangu keshakuwa serikali."

Alisema kwa fahari. Alikataa kuhamia nyumba ya bwawa, maana huko choo kilikuwa ukuta mmoja na jiko, akarudi Mabondeni kuwasimulia wenzake uani kwamba mwanawe anamiliki maji ya kuangalia.

*

Balaa ilianza kwa hotuba. Mtukufu Mlezi wa Taifa alikuwa akilihutubia taifa kutoka kibarazani kwake, mbele ya bwawa lake, akikemea ufisadi kama alivyoukemea kila mwaka tangu auanzishe. Alipofika penye fungu la mwisho, upepo ukampeperushia karatasi. Mtukufu hakutaharuki. Alitazama huku na huku, akaona maji, akanyoosha kidole.

"Kuanzia leo," alisema, "nataka viongozi safi. Safi kama bwawa langu!"

Taifa lilipiga makofi, kisha likalala vizuri. Viongozi hawakulala. Mtukufu alikuwa na desturi ya kutosema jambo mara mbili, na waliomwomba afafanue walikuwa sasa mabalozi katika nchi zenye vita. Iliundwa Tume ya Usafi wa Viongozi chini ya Profesa Kiboga Ndimangwa, bingwa wa falsafa aliyekuwa hajawahi kupingana na mtu aliyemzidi cheo. Tume ilikaa ikala, ikala ikakaa, halafu Profesa akasimama mbele ya kamera.

"Moyo wa binadamu ni msitu wenye kiza," alisema. "Hatuwezi kuingia humo na kutoka na ushahidi. Lakini bwawa la binadamu liko wazi. Mtukufu, kwa hekima yake isiyo na ukingo, ametupa kipimo. Bwawa likiwa safi, mwenyewe ni safi. Likiwa na ukijani, basi!"

Hakumalizia, na hakuna aliyehitaji amalizie.

Kipimo chenyewe kilikuwa chepesi. Sarafu yenye sura ya Mtukufu ingedondoshwa penye kina kirefu. Sura ikionekana vizuri kutoka ukingoni, mwenye bwawa ni kiongozi safi. Isipoonekana, mwenye bwawa amemzamisha Mtukufu gizani, na kosa hilo lilikuwa tayari na adhabu yake kwenye sheria, ingawa lilikuwa halijawahi kutokea.

*

Asubuhi iliyofuata dawa ya maji iliadimika kuliko ukweli. Magari ya serikali yalipanga foleni mbele ya duka la vifaa vya mabwawa mpaka yakaziba lango la hospitali. Mke wa Katibu Mkuu wa Maadili alimng'oa nywele za bandia mke wa Katibu Mkuu wa Upatanisho, wote wakiwa wameshikilia ndoo moja. Walionunua walinunua tena kwa hofu kwamba wengine watanunua. Walificha dawa chini ya vitanda, wakalala macho yakiwawasha. Posa mbili zilivunjika kwa sababu upande wa kuumeni ulileta dhahabu tu.

Waliokosa walitumia maarifa. Mkurugenzi wa Utamaduni alimimina sabuni ya unga, na povu likampandia mpaka dirishani, likamfungia nje ya nyumba yake. Mkurugenzi wa Forodha alipaka sakafu ya bwawa rangi ya buluu bila kuyatoa maji. Mkurugenzi wa Misitu alijitetea kwamba kijani ndiyo rangi ya idara yake, akaitwa Tumeni kueleza vizuri, na sijapata habari zake tangu siku hiyo.

Ndipo Waziri wa Maji, Mheshimiwa Tabaruku Ngwembe, alipokumbuka kwamba nchi ina ghala.

"Pazi," alisema kwenye simu, "dawa ipo?"

"Ipo, Mheshimiwa. Ni ile ya wananchi."

"Na mimi ni nani, Pazi? Mimi si mwananchi?"

Pazi alipekua kumbukumbu zake. Hakukumbuka mahali popote katika katiba panaposema kwamba waziri si mwananchi. Mapipa yakatoka. Kesho yake akaja mwananchi wa Fedha, akafuata mwananchi wa Ulinzi na lori lake. Mwananchi wa Dini alileta gari la kubebea maiti ili asitambulike, akapakia vizuri, akaomba dua fupi na kuondoka. Wiki ilipokwisha, ghala lilikuwa na mwangwi na mapipa mawili.

Kule kwenye tangi kuu kazi haikusimama. Kila saa ya kutia dawa ilipowadia, mafundi walipanda ngazi wakiwa na ndoo tupu, wakaiinamisha juu ya maji mbele ya msimamizi, wakashuka. Utaratibu ulitaka wamimine, na haukusema wamimine nini.

Pazi aliyatazama mapipa yale mawili kwa muda mrefu. Nyumbani bwawa lake lilikuwa limeshaota utando, na Zamda, mkewe, alikuwa ameacha kula. Aliwaza juu ya mama yake. Nataka hilo lijulikane, aliwaza juu yake, na juu ya bomba linalokohoa pale uani. Kisha akajiambia kwamba mapipa mawili kwa mji mzima ni tone tu, hayatamfaa mtu, ilhali kwa bwawa moja yanatosha kabisa. Alikuwa mtu wa mwisho kulifikiri wazo hilo, maana wote waliomtangulia ghalani walilifikiri kabla yake. Tusimpambe wala tusimtukane. Aliogopa. Aliogopa kurudi Mabondeni na kuwa mtu wa Mabondeni.

Akapakia mapipa, akafunga ghala tupu, na kwa kuwa alikuwa mtumishi mwadilifu, akarudi kuhakikisha kufuli limeshika.

*

Haikupita muda, watu wa mabonde yote ya mji wakaanza kuharisha na kutapika. Ugonjwa ule una jina, na kila bibi analijua, ila serikali ililipiga marufuku. Ukaitwa changamoto za tumbo. Waliokufa hawakufa. Walizidiwa na changamoto.

Waziri Ngwembe alihitaji sauti ya kutuliza taifa, na nimeshakwambia nani alikuwa na sauti. Pazi alisoma redioni jioni ile, taratibu, kwa ile sauti yake ya asali.

"Maji ya bomba ni salama. Narudia, ni salama. Changamoto zilizojitokeza zinatokana na baadhi ya wananchi kula hovyo. Serikali inawaomba waache kuchemsha maji, kwani moshi wa kuchemshia unaleta taharuki. Suala hili tunalifanyia kazi."

Alitoka studio kanzu imemganda mgongoni kwa jasho. Akampigia mama yake.

"Mama, shikamoo. Chemsha maji."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mimi, Pazi."

"Pazi yupi? Wa redioni au wa simu?"

"Mama, usinitanie."

"Sikutanii, nimetoka kukusikia sasa hivi! Uani tumejaa, tumefungulia mpaka mwisho. Mwasiti alikuwa na sufuria jikoni, nikamwambia zima moto huo, shoga, unamtukana mwanangu. Nikachota kata, nikanywa mbele yao wote. Wakanipigia vigelegele."

Pazi alishika ukuta. Bi Mwasiti alikuwa jirani wa mama yake, mwosha maiti wa mtaa, mwanamke asiyezima moto ovyo.

"Mama, nakuomba. Chemsha tu."

"Kwani si salama?"

Hapa ujue kwamba nchi ile ilikuwa na Idara ya Kusikiliza, na simu za makamishna wasaidizi zilisikilizwa na watu wawili, mmoja akisikiliza na mwingine akimsikiliza anayesikiliza. Pazi alisikia mmoja wao akikohoa. Neno moja tu lilihitajika. Lilikuwa neno fupi la silabi moja, si, na mama yake angelielewa.

"Ni salama, mama," alisema. "Ila uchemshe."

"Salama halafu nichemshe!" Bi Sikudhani alicheka kile kicheko chake. "Baba, mkaa wenyewe wa shida. Nikianza kuchemsha leo, watu watasema hata mamaake hamwamini. Mimi nikuaibishe?"

"Mama, suala hilo..."

"Mnalifanyia kazi. Najua. Haya, lifanyieni, mimi nipo."

*

Tume ilifika kwa Pazi na bendi ya tarumbeta. Maji yalikuwa ya buluu mpaka yanaumiza macho. Profesa Ndimangwa alivaa glavu nyeupe, akatoa sarafu kwenye kisanduku cha mahameli, akainyanyua ili wote waisujudie kwa macho. Waziri Ngwembe alisimama kando, kwani lake lilishapita. Zamda alikuwa amevaa nguo ya Idi.

"Mtukufu anazama!" alitangaza Profesa, kisha akajirekebisha upesi, jasho likimtoka. "Mtukufu anashuka kwa hiari yake!"

Sarafu ikatumbukia. Na wakati inashuka taratibu, ikiyumba huku na huku, simu ya Pazi ikaanza kutetemeka mfukoni. Ni mwiko kupokea simu sura ya Mtukufu inapokuwa njiani. Ilitetemeka, ikaacha, ikatetemeka tena. Pazi aliiminya kwa kiganja juu ya paja, akatabasamu kwa kamera. Sarafu ikatua. Watu wote waliinama ukingoni, wakaona kule chini shavu, pua na lile tabasamu linaloning'inia katika kila ofisi ya nchi.

"Safi!" alisema Profesa.

Tarumbeta zililia. Pazi alivishwa nishani ya Kiongozi Safi wa Daraja la Kwanza, na pini ikamchoma kidogo kifuani. Alipopata upenyo nyuma ya jiko alipiga namba ile. Akapokea Bi Mwasiti.

"Tulikupigia sana, baba."

"Nilikuwa kwenye shughuli. Mama yuko wapi?"

"Ameanza jana jioni. Alikataa tukwambie, akasema unafanyiwa sherehe, tusikukate furaha. Leo kapiga kelele anakuita. Alitaka akuulize kitu."

"Kitu gani?"

"Hakukifikisha. Mamako hatunaye, Pazi."

Pazi alikaa chini kwenye gunia la mkaa akiwa na suti yake na nishani yake. Alilia kwa sauti kama mtoto wa Mabondeni, na kwa mara ya kwanza tangu ateuliwe hakuna aliyeisifu sauti ile. Bendi ilidhani ni furaha, ikaongeza wimbo mwingine.

*

Maiti hupaswa kuoshwa, na kuosha kunataka maji. Lakini asubuhi ile Waziri Ngwembe alikuwa ametoa suluhisho la kudumu. Kwa kuwa wananchi wa mabondeni walikuwa wakilalamikia maji, serikali sikivu iliyaondoa maji. Mabomba yalifungwa. Uani kwa Bi Sikudhani hapakuwa na tone, isipokuwa yale yaliyobaki mtungini, na hayo hakuna aliyethubutu kuyagusa.

"Leteni maji kutoka popote," Bi Mwasiti aliwaambia wanaume mlangoni. "Mwenzangu nimwoshe kwa mate?"

Wanaume walimtazama Pazi. Naye akafanya kitu pekee alichoweza kukifanya kama mtoto. Alirudi nyumbani na lori, akatumbukiza ndoo bwawani kwa mikono yake mwenyewe, akajaza mapipa, akayaleta mpaka uani. Wazee walimshukuru. Walisema kweli, mtoto akilelewa vizuri haachi kumsitiri mzazi. Maji yaling'aa ndani ya mapipa kama kitu kilichotoka mbinguni, na watu waliyasogelea kuyaangalia tu, vikombe mikononi.

Waosha walijifungia ndani na pazia likashushwa. Nje, Waziri Ngwembe alifika na ujumbe wake, viti vya plastiki vikafutwa. Aliposimama kutoa salamu za serikali alisema kwamba marehemu ameacha alama. Ameacha mtoto safi. Akamgeuza Pazi kidogo kwa bega ili kamera iione nishani.

Pazi hakusikia. Alikuwa anasikiliza maji yanayomwagwa nyuma ya pazia, kata baada ya kata. Hayakuwahi kuogewa na mtu, maji yale. Aliombwa ndoo mbili na aliyeyahitaji, na sasa anampa mapipa.

Kisha pazia likasogea, akatoka Bi Mwasiti. Mikono ilikuwa imemkauka, myeupemyeupe kwenye vidole. Aliinusa mara moja, halafu mara ya pili, maana karafuu maiti alikuwa bado hajaitia, na harufu aliyoisikia haikuwa ya karafuu maiti. Aliwapita wanaume, akampita Waziri, akasimama mbele ya Pazi.

"Maji haya yana dawa."

Pazi aliifunika nishani kwa kiganja.

"Miaka yote nimeosha, naijua harufu hii. Ni ile dawa ya maji, ya tangi, iliyokuwa ikitunukia bombani zamani." Hakupandisha sauti. "Tumezika katika nyumba tatu mtaa huu, na ya mamako ni ya nne. Mabomba yalipofungwa tuliambiwa dawa imekwisha nchini."

Hata Waziri alisitisha alichokuwa anaandaa kusema.

"Kwa hiyo, Pazi, mwanangu. Dawa ilikuwepo?"

Pazi alifumbua kinywa. Alitaka kusema nisameheni. Alitaka kusema ndiyo, ilikuwepo, niliiangalia kila siku. Maneno hayo alikuwa nayo kifuani, mama yake mwenyewe alimfundisha kwa lugha ya uani pale pale, na aliyatafuta kwa nguvu zote za moyo wake. Lakini alikuwa amekaa kazini miaka mingi, na kilichotoka kilitoka chenyewe, kwa ile sauti ya asali.

"Suala hilo," alisema, "tunalifanyia kazi."

Waziri Ngwembe alitikisa kichwa kwa kuridhika. Bi Mwasiti alimtazama Pazi kwa kitambo, kama anayejaribu kukumbuka ni mtoto wa nani. Halafu akaingia ndani, akashusha pazia, na nje watu wakasikia maji yakimwagwa tena.